Vigae Vilivyopungua Chumbani kwa Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa vigae. Kazi nilifundishwa na mjomba, na mjomba alipima kwa kamba. Unaizungusha chini ya kuta, kona hadi kona, basi umejua ukubwa wa chumba. Miaka yote mwenye nyumba ndiye aliyeleta vigae, mimi nikapanga tu. Kwa hiyo kosa langu halikuonekana. Nalisimulia kwa aibu.

Mama mkwe aliteguka mguu baada ya kujikwaa kwenye sakafu yake yenye mashimo. Nikajitolea kumtengenezea korido na chumba cha kulala. Nilizungusha kamba kwenye korido, kisha chumbani. Ikatosha kote sawasawa. Nikasema, basi ukubwa ni mmoja. Nikanunua maboksi kumi, kila moja lina vigae vinne. Matano ya korido, matano ya chumba. Nikayafungia chumbani, na funguo nikamwachia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeshona mashuka ya viraka.

Koridoni vigae vilienea vizuri. Chumbani vigae viliisha nikiwa mstari wa nne. Sakafu iliyobaki ilikuwa karibu nusu. Hasira ikanipanda. Sebuleni walikuwepo mama mkwe na majirani wawili waliokuja kumjulia hali, na mimi sikujali.

"Shemeji, nani ameingia humu?"

"Mimi tu. Kwani kuna nini?"

"Vigae vimepungua. Na funguo ulikuwa nazo wewe."

Shemeji akaweka sindano yake mezani.

"Hayo maneno mazito. Hebu hesabu vilivyolala chini."

Nikahesabu kwa kiburi. Chumbani, mistari mitatu ya vigae sita na viwili juu yake: ishirini. Korido, mistari kumi ya vigae viwili: ishirini. Jumla arobaini, vile vile nilivyonunua. Hakikuibiwa hata kimoja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Lakini kamba ni ile ile," nikasema, sauti imeninywea.

"Kamba inapima ukingo, shemeji. Wewe unafunika sakafu." Akachukua daftari lenye miraba. "Kila mraba ni kigae kimoja. Korido ni kumi kwa viwili. Chumba ni sita kwa sita. Nichoree vyote viwili."

Nikachora.

"Pita ukingoni kwa kidole, ukihesabu kila upande wa mraba unaougusa."

Korido, ishirini na nne. Chumba, ishirini na nne.

"Sasa hesabu miraba ya ndani."

Korido ilikuwa na ishirini. Chumba nikakihesabu mara mbili, maana sikuamini. Thelathini na sita.

"Idadi ya miraba inayojaa ndani ndiyo eneo," akasema. "Hata mashuka yangu ni hivyo. Mawili yanaweza kulingana pindo, lakini lile pana likala viraka vingi zaidi. Umepungukiwa vingapi?"

"Kumi na sita. Maboksi manne."

"Haya, nenda dukani. Hapa mtu ni mgonjwa, anasubiri chumba chake."

Nilinunua maboksi manne. Vigae vikaenea hadi kona ya mwisho. Jumamosi mama mkwe alivuka chumba kwa fimbo yake, taratibu, bila kujikwaa. Majirani wale wawili walikuwepo tena. Mmoja akanisifu, "Kweli wewe fundi." Kisha akapunguza sauti. "Na yule mwizi ulimwona?"

Shemeji alikuwa mlangoni na alisikia. Akainamisha macho kama mtu mwenye hatia. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Vigae nilikuwa nimeviongeza, lakini neno langu lilikuwa bado linatembea mtaani.

"Hapakuwa na mwizi," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikujua kupima. Niliyemwita mwizi ndiye aliyenifundisha kazi yangu. Shemeji, nisamehe."

Akainua macho. "Nimekusamehe," akasema. "Sasa nenda ukarudie maneno hayo nyumba kwa nyumba."

Nikaenda. Nilianzia nyumba ya jirani wa kwanza.