Dawati la Pembeni

Kila siku baada ya mapumziko, Chiriku alirudi kwenye dawati lake la pembeni na kuanza kupambana na usingizi. Wenzake walimpa jina hilo kwa kupenda kuongea, lakini ndani ya darasa lile kuukuu mdomo wake ulikuwa mzito. Madirisha ya upande wake yalikuwa yamezibwa kwa matofali tangu wezi walipovunja shule. Taa ziliwaka mchana kutwa, na joto la bati lilishuka moja kwa moja utosini, maana dari haikuwepo.

"Unasinzia tena?" mwalimu wa hesabu aliuliza siku moja. "Kwani nyumbani hulali?"

"Nalala, mwalimu."

"Basi ni uvivu. Kesho uje na mama yako."

Darasa likacheka. Kichwa kilikuwa kinamgonga Chiriku, na machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, naomba ukae hapa kidogo tu," akasema.

Mwalimu alitaka kukasirika, kisha akampa Chiriku chaki aendelee na hesabu ubaoni, yeye mwenyewe akaketi kwenye dawati lile. Muda si muda jasho likamtoka, akalegeza tai. Chiriku alipogeuka kuuliza kama jibu lake ni sahihi, mwalimu alikuwa amefumba macho, kidevu kifuani. Safari hii hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mwalimu," akanong'ona.

Mwalimu alishtuka, akajifuta uso. "Hapa hapakaliki," akasema taratibu. "Nisamehe, mwanangu."

Siku hiyohiyo alimketisha mwalimu mkuu kwenye dawati lile. Ukarabati ulikuwa umekaribia, ila mpango ulikuwa kupaka rangi kuta za nje na kuongeza feni. Mpango ukabadilishwa. Wakati wa likizo mafundi walibomoa matofali, wakaweka madirisha ya kufunguka yenye nondo, wakapiga dari, na bati wakalipaka rangi nyeupe ili lisishike joto.

Shule ilipofunguliwa, Chiriku alisimama mlangoni, akashusha pumzi. Upepo ulipita dirisha hadi dirisha. Taa zilikuwa zimezimwa, na bado ubao ulionekana vizuri. Hadi adhuhuri kichwa chake kilikuwa chepesi, na mdomo haukufungwa.

"Sasa tumepata tatizo jingine," mwalimu alisema, na darasa likacheka, Chiriku akiwemo. "Nisikilizeni, wanangu. Mimi nilihukumu kabla ya kuuliza, na mwenzenu aliumia kwa kunyamaza. Mtu akikosa hewa safi, hata awe na bidii vipi, mwili utamwangusha. Kitu kikiwaumiza, semeni mapema, tukirekebishe."