Watu Sita Wasio na Kibao

Enyi mnaopenda kusema "sisi tunajuana" kila mnapokuta lango limefungwa, hadithi hii ni yenu. Ina hasira kidogo ndani yake, na sitaki kuificha.

Asubuhi ile korongo lilikuwa tulivu. Jua lilikuwa limegusa ukuta wa juu tu. Chini kulikuwa na kivuli na baridi, mto ukipita taratibu juu ya mawe, na tai waliotaga kwenye nyufa za miamba wakizunguka bila kelele. Juu, kwenye kibanda cha lango, askari wa hifadhi alikuwa akipangusa vibao vyake. Waongoza wageni walimwita Mama Vibao, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, naye aliwaitikia wote.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ukutani kulikuwa na ubao wenye misumari kumi na miwili, na kwenye kila msumari kibao cha bati chenye namba. Anayeshuka korongoni huchukua kibao kimoja akakivaa shingoni, akipanda, hukirudisha. Msumari ukiwa mtupu, ujue kuna mtu bado yuko chini. Vibao vikiisha, wengine wanasubiri. Kwa nini kumi na viwili? Kwa sababu mvua ikinyesha milimani, maji hufika korongoni hata kama hapa jua linawaka, na ngazi ya kutokea ni moja. Walishapima: watu kumi na wawili wanaweza kuipanda kabla maji hayajafika. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Tena kila kundi lilipewa ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya haja kubwa, maana kule chini hakuna choo na watu wa bondeni wanakunywa maji ya mto huo huo. Mgeni mmoja aliyevaa viatu vya bei aliwahi kuitazama ile ndoo kwa kinyaa akauliza, "Yaani na hii tunapanda nayo?"

"Ulishuka nayo tumboni," Mama Vibao alimjibu, "utapanda nayo kwenye ndoo."

Sasa, saa mbili na nusu, gari mbili zikasimama langoni. Akashuka kaka yake, mwongoza wageni maarufu, ambaye watu walimwita Mjuba kwa sababu hakuwahi kuona lango lisilofunguka.

"Mdogo wangu, leo tuko kumi na wanane, pamoja na mimi na wifi yako. Tufungulie."

"Vibao ni kumi na viwili, kaka. Wa kwanza wakitoka, wengine watashuka."

"Wageni wana ndege jioni. Nimeshawaahidi."

"Ulipoahidi, uliniuliza?"

Mjuba akacheka, akawageukia wageni wake. "Mwoneni huyu. Nimembeba mgongoni akiwa na kamasi, leo kavaa kofia anajiona serikali."

"Ulinibeba, na nakushukuru," alisema bila kuinuka kitini. "Lakini maji hayamjui kaka wa mtu."

Wifi yake, aliyekuwa mpishi wa safari zile, akachungulia dirishani. Hawa wawili walipendana kwa matani. "Wifi, roho ngumu hiyo ndiyo inayokukondesha!"

"Na wewe punguza kumnenepesha kaka yangu, ngazi ya watu inalia."

Wakacheka. Mjuba akachukua vibao kumi na viwili na ndoo, akashuka na kundi lake. Gari ya pili, ikiwa na wifi na wageni watano, ikageuza ikaondoka. Mama Vibao akaamini wamekwenda kusubiri mjini. Angejuaje? Mjuba alikuwa amemnong'oneza mkewe awapitishe wale watano njia ya panya, nyuma ya miamba, walikopitia mbuzi zamani kabla eneo halijawa hifadhi. Mke alisita. Kisha akasema moyoni kwamba mume wake anajua, akaenda.

Saa tano redio ikakoroma: mvua kubwa milimani, toa watu. Mama Vibao akapiga king'ora, akakimbilia ngazini, akawapandisha mmoja mmoja wakihema. Vibao vikarudi. Akahesabu misumari: kumi na miwili, yote imejaa.

"Wote wametoka?" akamuuliza kaka yake, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyotaka, mwongozaji aseme kwa kinywa chake.

Mjuba akautazama ubao. Alifikiria leseni yake. Alifikiria pia kwamba mkewe si mtoto, kasikia king'ora, bila shaka ameshapanda.

"Wote," akasema.

Basi Mama Vibao akatangaza kwenye redio kwamba korongo liko tupu, na kikosi cha uokoaji, kilichokuwa tayari kimepakia kamba, kikaambiwa kipumzike.

Mjuba akapiga simu ya mkewe. Haikupatikana. Akapiga tena. Huko chini sauti ya mto ikabadilika, ikawa nzito, na magogo yakaanza kugongana na kuta. Nusu saa ilipita kabla hajaingia kibandani, kofia mkononi, midomo imemkauka.

"Kuna wengine sita, walipita njia ya panya. Mke wangu ni mmoja wao."

Mama Vibao hakumtukana. Muda wa matusi haukuwepo. Aliwaita waokoaji, akabeba kamba yake, akakimbia kuelekea njia ya panya. Aliyoyaona hakuyasahau. Maji mekundu kwa tope yalikuwa yamejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Wageni watano walikuwa wamebanana juu ya ukingo wa mwamba wakilia. Chini yao wifi alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, ameshika mzizi, gogo limembana mguu. Ni yeye aliyewasukuma wale watano juu, mmoja baada ya mwingine, akabaki wa mwisho.

"Wifi," alisema yule wa majini kwa sauti ndogo, "usinitanie leo."

"Sikutanii. Shika mzizi wako."

Waokoaji walifika, wakamtoa. Wageni walisema baadaye kwamba gogo lile lilifika dakika kumi tu kabla ya kamba. Dakika kumi! Hesabuni wenyewe ile nusu saa ilienda wapi. Hospitalini madaktari waliukata mguu wa kushoto chini ya goti.

Siku tatu baadaye mama yao aliwaita nyumbani kwake. Mjuba alikaa sakafuni, ameinama. Mama ndiye aliyesema.

"Mwanangu, ripoti bado iko mkononi mwako. Andika kwamba wale sita walishuka kwa ruhusa yako. Kaka yako akinyang'anywa leseni, nyumba ile italishwa na nani? Damu nzito kuliko maji."

"Mama, mimi niliiona damu hiyo ndani ya maji." Alisimama. "Nikiandika kwamba niliwaruhusu, nitakuwa nimeandika kwamba nilimwacha wifi chini huku nikijua. Na kesho mwongozaji mwingine atapita njia ile ile. Siandiki uongo. Nifukuzeni nyumba hii, siandiki!"

"Una roho ya jiwe," mama alisema huku akilia.

"Naam, mama. Ninayo."

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja hospitali, akaketi kando ya kitanda, akamsomea wifi ripoti yote kabla ya kuipeleka kwa mkuu wa hifadhi. Wifi alisikiliza macho yakiwa darini.

"Hujaandika kwamba na mimi nilijua ni kosa."

"Sikutaka kukuongezea maumivu."

"Andika. Mimi si kifurushi alichokibeba mume wangu. Nilijua, nikanyamaza. Andika, kisha nipe kalamu nitie sahihi."

Akaandika. Wifi akatia sahihi. Mjuba akapoteza leseni, na mama yao hakuongea na binti yake kwa miezi minne. Mama Vibao alilia sana siku zile, sitawadanganya, lakini kila asubuhi alifungua kibanda, na kundi la watu kumi na watatu lilipokuja na barua ya mkubwa fulani, aliisoma, akaikunja, akamrudishia aliyeileta.

MAFUNZO

Ndugu zangu, ukitembelea pori la hifadhi, wewe ni mgeni wa mto, na mto hauangalii cheo wala ukoo. Ingia kwa lango. Jiandikishe. Shuka na idadi iliyowekwa, panda na uchafu wako wote, waache tai na mayai yao. Wewe mwongozaji, usiuze nafasi usiyo nayo. Wewe uliyeoa au kuolewa, usinyamaze ukiona mwenzako anakosea, maana ukimya nao ni njia ya panya. Na wewe uliyepewa lango ulilinde, watakuita katili, watakutaja kwa mama yako. Waache waseme. Anayekupenda kweli atakuomba umhesabu.