Mkasi Hasemewi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, lifti ya jengo la uhamiaji ilisimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikiwa na watu tisa ndani. Wanane waliongea lugha ya hapa. Wa tisa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, amevaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, kola imekaa shingoni bila mkunjo hata mmoja. Miadi yake na afisa ilikuwa saa mbili na robo. Alitazama saa, akaupiga mlango kofi, akaitukana lifti kwa lugha ya kwao, tusi refu la pumzi mbili.

Sauti ikajibu kutoka nje kwa lugha hiyohiyo:

"Dada, itukane lifti yenyewe tu. Mama yake hayupo hapa."

Aliweka sikio mlangoni. Kwa miezi mitatu lugha hiyo alikuwa ameisikia kwenye simu tu.

"Wewe nani?"

"Fundi wa lifti. Rudi nyuma kidogo. Na hao wenzako waambie wasiegemee mlango."

"Waambie wewe. Mimi na wao hatujatambulishana."

Fundi aliwaambia, kwa sauti laini na ya adabu mno hata mwanamke akadhani ni mtu mwingine anayeongea. Kisha mlango ukafunguka nusu. Sakafu ya ghorofa ya nne ilikuwa usawa wa kifua. Mwanaume mrefu mwenye ovaroli ya bluu alifuta grisi mkononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ndipo akamnyooshea mkono.

"Umenichelewesha dakika kumi na tisa," mwanamke alimwambia alipokanyaga juu.

"Ningejua uko ndani ningekuchelewesha saa nzima."

"Kumbe na mdomo unao!"

Fundi alimsindikiza hadi dirishani, akamweleza afisa habari za lifti, na afisa akampokea. Bila yeye angerudishwa nyumbani kusubiri miadi mingine miezi miwili. Huo ulikuwa ukweli, na mwanamke alimhesabia wema huo.

Kazini mwanamke walimwita Mkasi. Kwao alikuwa mkataji mkuu katika kiwanda cha sare. Hapa, katika karakana ya nguo, alishona vifungo, kwa kuwa mtu asiye na cheti cha ufundi cha hapa haruhusiwi kugusa meza ya kukatia. Jina la utani alilipata kwa kuwakosoa wanaokata.

Simu za Fundi zilianza siku ya pili, kila saa ya chakula cha mchana.

"Umeshakula, mkata vifungo?"

"Mshona vifungo. Anayekata vifungo ni panya."

"Basi panya wangu, umeshakula?"

"Nikila utanipa nini?"

"Nitakupandisha lifti ya ghorofa ishirini na nane. Bure."

"Na ikikwama?"

"Nitahakikisha inakwama."

Darasa la lugha Mkasi aliliacha wiki ya tano ya masomo. Halikuwa gumu. Alihesabu sentensi alizofundishwa: kati ya arobaini, ishirini na sita zilikuwa za kuomba radhi au kuomba msaada. Samahani, sielewi. Samahani, nimepotea. Tafadhali, nisaidie kujaza fomu.

"Mwalimu anataka niongee kama mtu aliyevunja chombo cha watu," alimwambia Fundi.

"Ndivyo wanavyoongea hapa, mpenzi."

"Msimamizi wangu haongei hivyo hata kidogo."

Na msimamizi wa karakana ndiye aliyemfundisha, bila kukusudia. Siku moja alileta makoti yaliyokatwa vibaya, makwapa yamebana, akamlaumu mshonaji. Mkasi alirudi nyumbani akatafuta maneno sita tu ya kumtetea, na kesho yake akayatumia yote kwa mkupuo. Msimamizi akajibu kwa maneno mia. Ikabidi ayajue hayo mia. Kufikia mwezi wake wa tano nchini aliweza kugombana robo saa nzima, kwa sarufi mbovu na hoja safi.

Fundi hakuyajua haya. Hakufichwa. Jioni wakiwa pamoja Mkasi aliongea lugha ya nyumbani tu. "Kwako navua viatu," alisema. Na Fundi alipenda kumsemea: kwa mwenye nyumba, kwa mfamasia, kwa dereva wa basi.

"Huyo bwana anakupenda, au amepata kazi ya pili?" dada yake mkubwa aliuliza kwenye simu.

"Dada, mwache. Anafurahi."

"Sikuulizia furaha yake, mdogo wangu."

Mwezi wake wa saba nchini Mkasi aliitwa kuhojiwa kuhusu cheti. Kulikuwa na madaraja matatu. La kwanza ni la fundi mkuu, anayekata na kusimamia. La tatu ni la msaidizi: miaka mitatu ya vifungo na pasi kabla ya kuomba tena. Mwombaji aliruhusiwa kuja na mkalimani wake. Fundi aliomba ruhusa kazini, akavaa shati jeupe, akaketi kushoto kwake.

Afisa aliuliza kazi aliyofanya kwao.

"Mwambie nilikuwa fundi mkuu," Mkasi alisema. "Miaka tisa. Wanawake ishirini na wawili chini yangu. Sare zote nimekata mimi."

Fundi akatafsiri kwa ile sauti yake laini: "Alikuwa akisaidia katika kiwanda cha nguo. Atashukuru kwa mafunzo yoyote mtakayompa."

Mkasi alielewa kila neno. Afisa aliandika daraja la tatu kwenye kisanduku, akasukuma karatasi mbele, akampa kalamu. Mkasi aliirudisha kalamu mezani, akasimama, akatoka.

Fundi alimkuta ngazini.

"Kuna nini, mpenzi? Tulikuwa tumemaliza!"

Alimjibu kwa lugha ya hapa, mara ya kwanza tangu wajuane: "Mimi si msaidizi."

Fundi alishika ukuta. "Tangu lini unaongea?"

"Tangu nilipopata mtu wa kugombana naye. Leo nimepata wa pili."

"Nisikilize. Mimi ni mhandisi wa umeme. Miaka minne ya chuo. Nilipofika niliwaambia hivyo, faili langu likakaa miaka miwili kwenye kabati. Nikarudi nikasema mimi fundi tu, na baada ya wiki tatu nina kazi. Hapa ukijishusha wanakufungulia."

"Umejishusha mwenyewe, sawa. Mimi nani kakutuma unishushe?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unanikata. Na umekata vibaya."

Aliteremka ghorofa nne kwa miguu. Siku hiyohiyo aliandika rufaa kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu, bila neno samahani hata mahali pamoja.

Fundi alipiga simu mara kumi na nne katika siku kumi na moja. Ya kumi na nne ilipokewa.

"Mpenzi..."

"Mpenzi nani? Msaidizi hapokei simu kazini."

"Niambie nifanye nini."

"Andika nilichosema mimi. Chini yake andika ulichosema wewe. Weka sahihi, uwapelekee."

"Kibali changu cha kazi kinahuishwa mwezi ujao. Kusema uongo mbele ya afisa si mchezo."

"Najua mwezi wako. Mwezi wangu nao ni miaka mitatu."

"Bibie, una roho ngumu."

"Ninayo. Ulidhani nimeiacha mpakani?"

Rufaa ilisikilizwa Ijumaa, saa tatu kamili. Mkasi alivaa lile gauni la kijani. Mezani walikaa yule afisa, mwandishi, na fundi cherehani mwanamke mwenye mvi aliyeletwa kupima kazi.

"Mkalimani wako yuko wapi?" afisa aliuliza.

"Sina. Niulizeni mimi."

Walimpa mita mbili na nusu za kitambaa, chaki, mkasi wa ofisi na vipimo vya koti, wakamtaka aeleze anachofanya. Alieleza huku akichora. Afisa akamsahihisha sarufi. Akaendelea. Afisa akamsahihisha tena. Mara ya tatu Mkasi aliweka chaki mezani.

"Sentensi yangu ina kosa," alisema. "Kitambaa changu hakina. Leo mnapima kipi?"

Mwenye mvi aligeuza uso dirishani. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Kisha akachukua futi, akapima kwapa, bega na mgongo, mara mbili kila kimoja, akamnong'oneza mwandishi.

Afisa alifungua faili, akatoa barua.

"Hii imefika jana. Unamjua aliyeandika?"

"Namjua."

"Anakiri alitudanganya."

"Basi safari hii amewaambia kweli. Iandikeni na hiyo."

Saa tano na dakika tano muhuri uligongwa: daraja la kwanza.

Alimpigia Fundi simu akiwa bado kwenye korido.

"Uko wapi?"

"Juu ya lifti, jengo la benki, ghorofa ya sita."

"Shuka. Kwa ngazi."

Walikutana barabarani, watu wakipita kwa haraka kulia na kushoto. Fundi alikuwa na ovaroli yake na grisi hadi kiwikoni.

"La ngapi?"

"La kwanza."

Fundi aliketi ukingoni mwa barabara. "Mimi wameniita Jumatano. Nikajieleze."

"Tutakwenda wote. Lakini sitakusemea hata neno."

"Sitaki unisemee. Nataka unioe." Akajishika kichwa. "Yaani mimi nikuoe."

"Kwanza amua nani anamuoa nani, ndipo uniulize vizuri."

Akamuuliza kwa lugha ya hapa, kwa adabu.

"Umeniuliza kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani."

Fundi akasimama, akauliza tena kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti iliyowageuza watu wa upande wa pili wa barabara.

"Hapo nimesikia," Mkasi alisema. "Ndiyo. Na usinishike, hiyo grisi yako haitoki kwenye gauni."

Jumatano Fundi alipewa onyo la maandishi. Kibali chake kilihuishwa kwa mwaka mmoja badala ya mitatu.

Walikwenda kwa msajili wa ndoa wiki sita baadaye, saa nne na nusu asubuhi. Bibi harusi alivaa suti ya rangi ya maziwa. Bwana harusi koti la kijivu. Vyote viwili vilikatwa na mtu mmoja, kwenye meza ya kukatia ya karakana. Karani alijaza majina, tarehe, anwani.

"Kazi ya bibi harusi?"

"Fundi mkuu, daraja la kwanza."

"Ya bwana harusi?"

Fundi aliangalia sakafu. Mkasi aliangalia saa ya ukutani, akafumba mdomo. Fundi aliinua kichwa.

"Mhandisi wa umeme."

Karani aliinua kibali. "Hapa pameandikwa fundi wa lifti."

"Najua palivyoandikwa. Wewe umeniuliza kazi."

Karani alimtazama, akaitazama fomu, akaandika: mhandisi wa umeme.