Nyumba ya Mugure Ina Magurudumu

Nangila alifika Kariandusi jua likiwa limebakisha shubiri moja tu juu ya vilima. Begani alibeba mfuko wa spana, geji ya oili, tochi, na bisibisi ya futi mbili ambayo mafundi wa gereji yao kule Kaptembwo waliiita Daktari. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Injini inagonga, presha ya oili iko chini. Nusu ya magari ya Nakuru yana ugonjwa huo, na nusu nyingine wenyewe hawajafungua masikio.

Gari ndilo halikuwa la kawaida. Lilikuwa la mwaka wa sitini na tisa, refu, rangi ya maziwa yaliyolala, lina madirisha yenye mapazia, jiko, kitanda na bomba la moshi. Vumbi jeupe la machimbo lilikuwa limelifunika kama unga.

"Boss, hii ni gari ama ni nyumba?"

"Ukijua, niambie," alisema Mzee Hanif, mwenye gari, karani mstaafu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na faili mapajani. "Trafiki wanasema ni nyumba, maana ina kitanda, kwa hivyo haiwezi kupewa stika. Kaunti wanasema ni gari, maana nyumba haina usukani, kwa hivyo haiwezi kupewa anwani wala maji. Barua ya mwisho haisemi gari wala nyumba. Inasema 'kitu hicho' kiondolewe kabla ya Jumatatu. Mihuri mitatu."

"Na kabla yako ilikuwa ya nani?"

"Mathe mmoja, mama mzee kwa jina Mugure. Alilea watoto wa mzungu hapo shambani. Wazungu walipoondoka, badala ya pensheni wakamwachia hii. Alikaa humo miaka thelathini na moja, na kila mwezi alikuwa ofisini akiomba karatasi moja tu iseme hii ni nyumba. Wakaguzi walikuja. Wanaingia na mabuti ya matope, wanapima, wanatoka. Hakuna aliyepiga hodi. Nani anapigia gari hodi? Mwaka juzi akafia humo. Mimi nilinunua kwa mpwa wake."

Alisimama, akaenda kuchukua mkeka wake ndani. Mlangoni akavua ndala, akagonga mara mbili. "Hodi, hodi."

Nangila alicheka. "Mzee! Si gari ni yako?"

"Nimelelewa na nyanya wa Lamu, fundi. Mimi hata friji huipigia hodi."

"Ulisema kwenye simu kuna fundi alikuja kabla yangu. Alisema nini?"

"Maina? Hakusema. Wiki tatu sasa. Nilienda kuswali, niliporudi ameenda bila kuaga. Ameacha hata boksi la spana."

Kicheko kilimkauka Nangila. Maina alikuwa jirani yake gereji. Mkewe, Shiru, alikuwa amekwenda kituoni kuripoti, akaambiwa kwamba mwanamume wa miaka arobaini na moja hapotei, huhama, na amtafute Salgaa, malori yanakolala, kwa wanawake. Nangila mwenyewe alikuwa ameamini kidogo. Lakini spana? Fundi anaweza kumwacha mke. Spana haachi.

"Naenda kuswali Magharibi," alisema Hanif, akitandika mkeka chini ya mgunga. "Wewe anza tu."

Nangila akapanda. Hivyo tu, kama mtu anavyopanda gari.

Ndani kulinukia moshi wa kuni na sabuni ya kipande. Injini ilikuwa katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kifuniko cha bati. Alikiondoa. Oili kwenye kijiti ilikuwa imefika alama ya juu; basi haikuwa kiu. Akafunga geji yake mwenyewe, maana geji ya dashibodi ya umri huo huongea kama mwanasiasa. Akawasha.

Paundi arobaini. Thelathini. Injini ilivyopata moto, sindano ikashuka. Kumi. Tano.

Na mlio wa kugonga ukaanza. Ko. Ko. Ko. Mzito, wa chini, wa kwenye kranki.

"Beringi," alijiambia. Ili kujua ni ya silinda gani, akafanya kile ambacho kila fundi hufanya: unachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, na ile ambayo ukiichomoa kelele inapungua ndiyo mgonjwa. Akachomoa wa kwanza.

Ko. Ko. Ko.

Wa pili. Wa tatu. Injini ilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Akachomoa wa nne, na injini ikazima.

Kimya.

Ko.

Ko.

Ko.

Nangila alitazama geji. Injini imekufa, pampu haizunguki, na sindano ilikuwa inapanda. Kumi. Ishirini. Arobaini... taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

Mkono wake ulichukua Daktari kwa mazoea tu. Akaweka ncha kwenye bloku ya injini, mpini sikioni.

Alisikia mtu akipumua. Kisha sauti ya mwanamke mzee, karibu sana, bila haraka:

"Umeingia na viatu."

Aliruka hadi mlangoni. Kitasa kilizunguka vizuri, komeo likatoka vizuri, mlango haukufunguka. Akasukuma kwa bega. Akapiga kioo cha dirisha kwa spana ya kumi na tisa, na spana ikagota kama imepiga gunia la mchanga. Nje, hatua kumi tu, Hanif alikuwa amesujudu, kisogo kikiwa upande wake.

"Mzee Hanif! Mzee!"

Sauti yake haikutoka; hata yeye mwenyewe hakuisikia. Kilichosikika ni kile kingine tu.

Ko. Ko. Ko.

Dari ilionekana kuwa chini kuliko mwanzo. Alirudi kwa magoti hadi kwenye injini, maana hapakuwa na pengine pa kwenda, akaweka tena sikio kwenye mpini.

"Nani anagonga?" alinong'ona.

"Yule mwingine." Sauti ilikuwa imechoka, kama ya mtu wa kaunta saa kumi na dakika hamsini. "Aliingia na viatu. Nikamwambia. Akanitukana. Sasa anataka kutoka."

Ko... ko... Vidole, sasa alisikia wazi. Vidole vya mtu juu ya chuma.

Nangila alikaa chini. Alifikiria Shiru. Alifikiria boksi la spana. Akafikiria Mzee Hanif anayepigia friji hodi, ambaye huingia humu kila siku na kutoka.

Akavua viatu. Akavipanga mlangoni, visigino ukutani, kama alivyofundishwa na mama yake kule Kimilili. Kisha, akiwa ndani tayari, akagonga mlango ule uliokataa kufunguka.

"Hodi, mama. Hodi hapa kwako."

Mlango haukusogea.

"Mama, nisamehe. Sikujua ni nyumba ya mtu."

Mlio ulinyamaza. Pazia la nyuma likasogea, na hapakuwa na upepo.

"Karibu, mwanangu," ikasema sauti, na sasa haikuhitaji bisibisi. "Keti. Umekonda."

Juu ya kijimeza palikuwa na kikombe cha bati. Kilikuwa kinatoa moshi. Mgeni haondoki mikono mitupu wala koo kavu. Nangila alilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Alikinyanyua kwa mikono miwili, akanywa funda moja.

Oili. Ya moto, nyepesi kama maji, na nyuma yake ladha ya petroli. Hata katika hofu ile, ulimi wake ulifanya kazi yake: petroli imevuja ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili imekuwa supu, ndiyo maana presha hakuna. Hilo lilielezeka. Ni hilo peke yake.

"Asante, mama. Chai nzuri." Akameza. "Naomba ruhusa. Giza linaingia."

"Haya, mwanangu."

"Na... mwenzangu?"

"Huyo si mgeni. Huyo ni wa ndani."

Mlango ukafunguka wenyewe. Hewa ya jioni ilimpiga usoni, na Nangila akashuka, viatu mkononi. Nyuma yake chuma kikalia kwa uzito wa mtu mwingine anayeshuka. Kisha nyayo za miguu mitupu. Mwenye nyumba mwenye adabu humsindikiza mgeni wake.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Mwenye nyumba akitoka kusindikiza, nyumbani hubaki nani wa kumzuia Maina?

Alimpita Hanif aliyekuwa anakunja mkeka. Hakusimama. "Mzee, ingia ukatazame injini," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kwa hodi zako."

"Injini imeshapona?"

"Nenda tu, mzee."

Akaendelea kutembea polepole kuelekea barabara kuu, bila kugeuka. Na akaongea na mama. Aliuliza habari za wale watoto wa mzungu, kama bado humwandikia. Aliuliza kama aliwahi kufuga mbuzi, na mvua za zamani zilivyokuwa. Aliuliza majina ya maafisa wote wa ofisi ya ardhi, na hilo peke yake likala nusu kilomita, maana Mugure aliwakumbuka wote, pamoja na namba za vyumba vyao. Nyayo zilifuata. Pu... pu... pu... kwenye vumbi jeupe.

Simu ikalia.

"Fundi!" Hanif alikuwa analia. "Kuna mtu! Nimeinama kuchungulia injini, hakuna kitu, nageuka, amekaa kiti cha dereva. Ni Maina. Mweupe pe. Vidole vyake, fundi, vidole vyake havina kucha..."

"Mtoe nje. Mpeleke mbali na hiyo nyumba, mpigie Shiru."

Akakata. Barabara kuu ilikuwa mbele, na taa za malori ya kwenda Gilgil. Hapo, penye lami, ndipo kila mwenyeji husimama. Hushikana mikono na mgeni na kusema, haya, mimi niishie hapa, uwasalimie nyumbani. Nangila alisimama. Akasubiri hayo maneno.

Alisubiri.

"Haya basi, mama," alisema mwishowe. "Umenifikisha. Rudi nyumbani."

Karibu na sikio lake, sauti ilicheka kidogo, bila ubaya.

"Si umeshamtoa aliyekuwa ananishikia nyumba? Nyumba tupu sirudii, twende kwako."

Pikipiki ya boda ilipunguza mwendo, ikasimama. Kijana akainua kofia, akamtazama Nangila, kisha akatazama kando yake, akatabasamu kwa heshima.

"Sasa, madam. Mathe atakaa katikati ama nyuma?"