Masafa Aliyoyashika Kagwe

Mnisamehe, hadithi hii nitaiharibu. Mimi nimezoea kuchekesha watu ukumbini, na hata pale pa kutisha mdomo wangu hutafuta kicheko kama kuku anavyotafuta mchwa. Nivumilieni tu.

Nicanor, fundi wa umeme pale Kiganjo, na mzee Kagwe wa Ruiru walikuwa na leseni za kuongea kwa redio. Kila jioni saa kumi na mbili walikutana hewani kwa AM, mtindo wa zamani. Masafa aliyachagua Kagwe: 144.4, kando na kelele za watu wa FM.

"Huko FM mwenye nguvu humeza mnyonge," alipenda kusema. "Kwa AM, wawili wakiongea pamoja unasikia filimbi, na chini yake unamsikia hata yule mdogo."

Mwezi wa nne Nicanor akahama masafa hayo kimyakimya. Mzaha tu, aone mzee ataita hewa tupu siku ngapi. Kila jioni alirudi kuchungulia, akasikiliza, hakujibu. Jioni ya tatu Kagwe aliita kwa sauti nzito: "Nicanor... kifua..."

Mkewe, Mama Ciku, alimkuta ameshika maikrofoni, amekwisha kupoa.

"Redio yangu ilikuwa imeungua, mama," Nicanor alimwambia matangani. Mama Ciku akamfariji. Yeye ndiye aliyemfariji.

Juzijuzi Mama Ciku akampigia Nicanor simu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Baba Austine, redio ya mzee naipeana kesho kwa wanafunzi. Nisaidie kuijaribu. Leseni ninayo, si unajua alivyonisumbua nisome."

Jua likizama, Nicanor akakaa mbele ya mtambo. Kila mtu wa redio hufundishwa: kabla hujafungua mdomo, sikiliza, kisha uulize kama masafa yana mtu. Yeye alikuwa na haraka ya kumaliza. Hakusikiliza. Hakuuliza.

"Mama Ciku, nakupata vizuri."

"Na mimi nakupata. Kumbe yako ilipona? Mzee angefurahi, maana siku zile..."

Filimbi ikaingia.

Nyembamba... ikishuka... ikishuka...

Chumba kikanuka dawa ya kifua, ile ya mkaratusi aliyojipaka Kagwe. Na chini ya sauti ya mjane, sauti nyingine.

"Iliungua lini?"

Mama Ciku akanong'ona, "Baba Austine, huyo ni nani?"

Nicanor akauliza, amechelewa: "Masafa... yana mtu?"

"Yana mtu. Hajatoka."

Akachomoa waya ukutani. Taa za redio zikazima.

Sauti haikuzima.

"Ulinisikia, Nicanor?"

"Nilikusikia, mzee. Siku zote tatu. Redio ilikuwa nzima."

Kule Ruiru Mama Ciku alisikia kila neno, kutoka redio ya Nicanor isiyokuwa na umeme. Hajampigia simu tena. Kanisani anamkwepa kama maji machafu.

Lakini swali la mwisho ndilo linaninyima usingizi.

"Wewe hujui mizaha, Nicanor. Nani alikutuma?"

Nicanor akataja jina langu.

Ningependa kusema alinisingizia. Lakini ni mimi niliyemwambia ahame tucheke, na jioni ya tatu nilikuwa nimekaa kando yake. Mzee aliposema kifua, Nicanor alinyoosha mkono ajibu. Nikaushika. Nikamwambia, "Wacha, huyo anaigiza. Kama kuna mtu anajua waigizaji, ni mimi."