Yule Anayecheka Kishikwambini

Nilitoka kazini jua likizama, mikono inaniuma mpaka mabegani. Badala ya kwenda nyumbani kulala kama mtu mwenye akili zake, nikashika njia ya kwa fundi simu. Kwapani nilibana mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na kile kishikwambi.

Jina lenyewe hilo, jamani. Wasomi walikaa wakalitunga badala ya kusema tableti, wakaridhika. Mimi kila nikilisikia nadhani wanataja jini. Mama yangu alikiita kibao, basi.

Mdogo wangu wa kike, anayeishi mbali, ndiye aliyekituma. "Dada, mama akiniona kila siku hatanisahau." Wazo zuri. Yeye aliwaza, mimi nikaachiwa kuchaji. Na kitu chenyewe ni mtihani! Bando linaisha pale unapoanza kufurahia. Matangazo yanakurukia usoni kama nzi. Unaandika "nakuja", chenyewe kinakuandikia neno la Kizungu ambalo hata hulijui. Waya wa chaja lazima uukunje, uubane na kiatu, ndipo moto uingie.

Lakini haki isemwe. Siku kikikubali, mama anacheka. Alimwona mwanawe wa mbali akambusu kwenye kioo. Aliona vifaranga vya bata vinaogelea kwenye beseni, akacheka mpaka akajifuta machozi. Mama yangu kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja baada ya nyingine, na chakula alikuwa anakikataa. Daktari alishaniambia wazi: asipokula, hatutakaa naye sana. Kwa kile kicheko chake ningekibeba kishikwambi mgongoni.

Tatizo lilikuwa kidole cha kukifungulia.

"Weka tena," fundi alisema.

Nikaweka. Kikatetemeka. Kidole hakijatambuliwa.

"Weka kingine."

Hakijatambuliwa.

Fundi akanishika mkono, akausogeza chini ya taa yake. "Dada, unafanya kazi gani?"

"Nafua na kupiga pasi. Mashuka ya hoteli."

"Ndiyo maana. Vidole vyako havina michoro tena. Umefua mpaka umejifua mwenyewe." Akacheka peke yake. "Haya, tuweke uso. Uso hauchakai."

Laiti angejua.

Akaniinulia kishikwambi usoni. Nje giza lilikuwa linaingia, na kioo kikang'aa machoni mwangu. "Geuka kushoto. Kulia. Sasa tabasamu."

"Nitabasamu nini, fundi? Nimesimama tangu asubuhi."

"Mfikirie msimamizi wenu kakalia pasi ya moto."

Ikanitoka. Nilicheka kicheko cha tumboni, cha zamani, mpaka nikashika meza. Kioo kikamulika mara moja. Uso umehifadhiwa.

Halafu mashavu yangu yakapoa.

Haukuwa upepo. Ilikuwa kama pale unapoinua pasi na joto lote likaondoka kwenye kitambaa kwa pamoja. Nikajishika. Nikasema ni uchovu. Siku hizi kila kitu nasema ni uchovu.

Basi tukaishi. Mchana jirani yangu, Mama Mapacha, alikuwa anapita kumchungulia mama. Kishikwambi kilibaki kwenye kiti, kimefungwa, kikichaji. Jioni narudi, nakiinua, nacho kinaniambia: Uso hautambuliki. Kilitaka ule uliocheka. Mtu umetoka kwenye mvuke, miguu imevimba, halafu kifaa kinakudai tabasamu! Nikakiambia, "Hata mimi sijitambui, ndugu yangu, tuko sawa." Nafungua kwa namba.

Kumlisha mama ndiyo ilikuwa vita. Anabana mdomo, ananikazia macho kama mkaguzi.

"Wewe nani?"

"Mwanao, mama. Kicheko."

Hilo ndilo jina alilonipa utotoni. Nilikuwa nacheka mpaka darasani natolewa nje.

"Kicheko wangu anacheka," ananijibu, na kugeukia ukuta. Siku nyingine nilikula ile supu mwenyewe, imepoa, nimesimama, kwa hasira tu.

Ikaja jioni moja nikakuta bakuli la supu niliyomwachia asubuhi liko tupu.

Tupu kabisa, limepanguswa. Mama amechanwa nywele, shuka limenyooshwa bila kunyanzi. Kishikwambi kilikuwa kwenye mto wake, kinawaka.

"Mama, nani kakulisha?"

"Kicheko," akasema, na kunipungia mkono nisimsumbue.

Nikajua ni Mama Mapacha. Nikamgongea kumshukuru. Akanitazama, akadhani namtania.

"Mimi sijaingia leo. Nimekuona wewe mwenyewe dirishani. Nimekupungia, ukanichekea. Nikasema, leo mwenzangu kaokota nini?"

"Ulikuwa wakati gani?"

"Muda si mrefu. Kabla jua halijazama."

Wakati huo mimi nilikuwa nakunja mashuka, na msimamizi juu ya kichwa changu.

Nilipaswa kupiga kelele siku hiyo hiyo. Nilirudi ndani nikalala. Mama alikuwa ameshiba, nguo zilikuwa safi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna aliyeniuliza mimi nani. Nililala kama gogo. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Mama akaanza kunenepa mashavu. Nikajiambia, penye wengi hapaharibiki neno. Wengi gani? Sikutaka kuuliza.

Kisha umeme ukakatika mtaa mzima.

Nilipanda ngazi magharibi hiyo nikipapasa ukuta. Karibu na mlango wetu nikasimama.

Harufu ya pasi…

Kitambaa kinachokaribia kuungua. Ni harufu yangu mwenyewe, ninayotembea nayo kwenye nguo. Ila ilikuwa inatoka ndani.

Halafu nikasikia. Tik… tik… Kijiko kwenye bakuli.

"Haya, kingine. Aaa… umeona? Safi."

Ilikuwa sauti yangu.

Sauti yangu, lakini haina uchovu hata chembe. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nilikuwa nayo. Nikasukuma mlango polepole.

Mama ameketi kitandani, peke yake, mdomo wazi, anangoja. Bakuli liko mapajani, linafuka moshi. Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya supu… kikazunguka… kikasimama. Mbele yake kwenye kiti, kishikwambi kimeegemea, mwanga wake umejaa chumba kizima.

Kwenye kioo nilikuwepo mimi.

Nikageuka kushoto. Yule hakugeuka. Machozi yakanitoka. Yule anacheka. Alikuwa anamtazama mama kwa mapenzi, kweli kabisa, kwa mapenzi. Kisha macho yake yakamwacha mama. Yakaja kwangu. Akainua kidole, kidole laini chenye michoro yake yote, akakiweka mdomoni.

"Shh… anakula."

Mama akanigeukia. "Nani huyu mlangoni? Mwambie atoke. Ananitisha."

Ananitisha. Mimi! Mimi niliyembeba, niliyemwogesha, niliyekosa usingizi kwa ajili yake. Hofu ikanitoka, ikaniingia hasira. Nikakirukia kile kitu, nikakifunga kwenye taulo, nikashuka ngazi mbili mbili mpaka kwa fundi.

"Futa," nikamwambia, bila salamu.

"Nifute nini, dada?"

"Uso. Futa uso wote."

Fundi akabonyeza bonyeza kwa mwanga wa betri. Uso wangu ukatokea, mdogo, unacheka. Akakunja kipaji. "Ajabu. Kwa kawaida hakihifadhi picha namna hii." Akabonyeza. Ukatoweka.

Kitu kikanikatika kifuani, kama uzi. Sikukijali.

Na mama akaacha kula.

Hakuacha kidogo kidogo. Aliacha. Alikaza macho kwenye kiti kitupu, na nikimsogezea kijiko anageuka. "Namsubiri Kicheko." Nikampikia laini, nikampikia tamu. Nikamwomba mdogo wangu azungumze naye kwenye kishikwambi. Mama akamtazama tu, akasema, "Si huyu." Yale mashavu yakarudi ndani. Mkono wake ukawa mwepesi kiganjani mwangu kama foronya tupu.

Nikasema, basi nicheke. Ni kazi gani kucheka? Nikasimama mbele ya kioo cha bafuni, nikavuta midomo. Nikakumbuka vichekesho vyote ninavyovijua. Nikamfikiria msimamizi na pasi yake. Uso haukusogea. Ulinitazama kama ukuta. Nikajaribu kwa vidole, nikainua pembe za mdomo, nikaenda nayo hivyo hivyo kwa mama. Akaanza kulia.

Ndipo nikamwambia Mama Mapacha kila kitu. Akanisikiliza, akafunga mlango wake kwanza, kisha akanong'ona.

"Bibi yangu alikuwa anatukataza kukichekea kioo wakati wa magharibi. Alisema kuna viumbe visivyo na nyuso, vinazurura saa hiyo vikitafuta za kuazima. Uso ulionuna havitaki. Vinataka uliocheka, maana anayecheka kaacha mlango wazi." Akanitazama. "Wewe kwa fundi ulikwenda wakati gani?"

Magharibi. Alijua.

"Lakini nimeshaufuta," nikasema.

"Umefuta uso wako, mwenzangu. Aliyeuazima umemfuta? Huyo yupo. Hana cha kuvaa tu."

"Anamtakia nini mama yangu?"

Akatikisa kichwa. "Hilo bibi hakuniambia. Labda na yeye anataka kuitwa mwanangu. Labda ananenepesha. Nitajuaje?"

Nilirudi nikakaa kando ya kitanda. Mama alikuwa anapumua juu juu. Nikamwita, hakufumbua macho. Nikamwambia, "Mama, kunywa maji tu, nakuomba, kunywa kwa ajili yangu." Maji yakamtiririka shingoni. Daktari alikuwa ameshasema mara moja, na daktari hasemi mara mbili. Nilikaa pale nikilia kwa uso usiolia vizuri wala kucheka, na nikajua kwamba nitakwenda.

Nilimkuta fundi anafunga kibanda.

"Rudisha," nikasema.

"Dada, kilichofutwa kimefutwa."

"Angalia."

Akaangalia. Akakisogeza karibu na macho. "Kuna mahali vinakaa kabla ya kuondoka moja kwa moja. Umo humu." Akakisogeza mbali kidogo. "Mbona… mbona macho yanahama?"

"Rudisha, fundi. Mama yangu anakufa."

Akabonyeza. Kisha akakifunika kishikwambi kifudifudi, akanisukumia. "Nakuomba usikilete tena hapa."

Nyumbani nikakiweka kwenye kiti, nikakiegemeza kwa mto. Nikaweka supu ya moto karibu na mama. Sikutazama kioo. Nikatoka, nikarudishia mlango, nikakaa kwenye ngazi na viatu vyangu vya kazi.

Kimya… kimya… Halafu ile harufu.

Tik… tik…

"Kicheko," mama akasema. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nipo, mama. Siendi tena popote. Fungua mdomo."

Nikamsikia anameza. Nikamsikia anacheka, dhaifu, lakini ni yeye. Nikamshukuru Mungu, kisha nikaona haya kumtaja Mungu mahali pale. Nilisubiri mpaka kijiko kikakwaruza chini ya bakuli. Nilikuwa nimeahidi moyoni kwamba akimaliza tu naingia, nakizima, kesho tutaanza upya. Nikasimama. Nikashika kitasa.

"Kicheko," mama akanong'ona ndani. "Kuna mtu mlangoni."

Hatua zikaja. Hatua za miguu, sakafuni. Sauti yangu ikajibu, karibu sana, upande wa pili wa ubao.

"Si mtu, mama. Ni mfuaji tu, kachoka. Mwache apumzike."

Kitasa kikageuka ndani ya kiganja changu. Komeo likaingia kwa ndani.

Ningeweza kugonga. Ningepiga ukunga, mtaa mzima ungekuja. Nilisimama pale, paji la uso kwenye mlango, nikimsikiliza mama anavyosimuliwa hadithi, anavyouliza maswali, anavyocheka tena. Alikuwa ameshiba. Alikuwa hai.

Nikarudi kwenye ngazi, nikakaa. Nilikuwa nimechoka kweli.