Jalada Lenye Joto la Kwapa

Jalada lilikuwa na joto. Fausta alilifungia kabatini jana jioni kwa mkono wake, jalada la matengenezo ya magari, na asubuhi hii lilikuwa mezani, lina joto la kwapa, kama limebebwa na mtu aliyezunguka nalo ofisi kwa ofisi. Akajiambia ni jua la dirishani. Jua gani, na dirisha lile linatazama ukuta?

Katika ofisi ile ya serikali, pale Korogwe, aliyekuwa akibeba majalada kwapani ni mmoja tu: Hamisa, mhudumu, mama wa Kizigua kutoka Kang'ata, miaka ishirini na sita akipita koridoni na kandambili zake. Uhakiki wa watumishi ulipokuja, walioishia darasa la saba waliondolewa, isipokuwa wale wa zamani, mradi barua ya ajira ionekane. Barua ya Hamisa ikatafutwa masjala, na Fausta, karani wa masjala, akawaambia wakaguzi, "Haipo." Jina la Hamisa likabandikwa ubaoni pamoja na wenye vyeti vya kughushi. Kijijini walimwita mdanganyifu mpaka walipomzika, mwaka jana.

Na barua ilikuwapo, jamani. Fausta aliikuta wiki iliyofuata; alikuwa ameitoboa na kuifunga yeye mwenyewe ndani ya jalada la magari siku aliyokuwa na haraka zake. Angeweza kusema. Lakini masjala yake ilikuwa imetajwa kuwa mfano wa mageuzi ya utumishi, na Mei Mosi alikuwa apewe cheti cha mfanyakazi hodari. Aliona haya. Akalifunga jalada, akaenda kupokea cheti chake, akapigiwa makofi, na tangu siku hiyo hakuweza kukitazama.

Siku ya pili jalada lilirudi na harufu, mafuta ya mgando na moshi wa kuni. Siku ya tatu, saa nane mchana, watu wameenda kula, zikasikika kandambili koridoni, pwata, pwata, zikisimama kila mlango kama zilivyokuwa zikisimama enzi zile, na kikohozi kidogo kabla ya kuingia, zikaja mpaka mlango wa masjala, na Fausta akaona kitasa kikishuka polepole, mlango ukafunguka, hapakuwa na mtu, ila harufu ile ikaingia, ikapita karibu na shavu lake, na jalada likawekwa mezani taratibu.

Lukasi, afisa utumishi, alimkuta ameukodolea mlango macho. "Mama Fausta," akanong'ona, "na wewe umezisikia?"

"Nimezisikia."

"Tumlete mtu, kimyakimya. Mfumo wa kompyuta unaanza wiki ijayo, tutachekwa."

Jumamosi akaja Mzee Ukasha, mganga wa Kwashemshi. Alitaka awepo mtu wa damu ya marehemu, kwa hiyo Munira, binti wa Hamisa, alikuwapo pia, amejifunika kanga. Mzee alifukiza ubani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hili ni jini la ukoo wa marehemu," alisema. "Halina ubaya. Linataka jina la mtu wake lisafishwe. Humu ndani kuna mwenye neno, na alitoe."

Neno lilimfika Fausta kooni. Akamwona Munira akimtazama, na aibu ikamshinda. Ndipo alipofanya jambo la kumdhalilisha mtu mzima: akageuza macho, akaanguka chini, akakoroma kwa sauti nzito ya kuigiza.

"Barua imo kwenye jalada la magari. Niliificha mimi jini. Karani hana kosa."

Lukasi akafungua, barua hiyo hapo. Akaapa kwamba Jumatatu atabandika tangazo la kumsafisha Hamisa. Munira akapiga magoti, akaishika mikono ya Fausta, akalia. "Ahsante mama. Umeteseka kwa ajili ya mama yangu." Fausta alitamani sakafu impokee.

Munira alipotoka, Mzee Ukasha aliinama kuokota chetezo chake, akamnong'oneza Fausta. "Binti, hukupandisha chochote. Umelisingizia jini, na limekusikia. Mkimbilie yule mtoto, umwambie kwa kinywa chako."

Fausta alikimbia kweli. Alimkuta Munira getini anasubiri bodaboda.

"Munira, mwanangu, subiri kidogo."

"Abee, mama."

Safari hii aliazimia kusema lote, haraka zake, cheti, ile "haipo" aliyoitamka macho makavu, akafungua kinywa, na ulimi ukainuka wenyewe kabla hajauinua, ikatoka sauti nzito aliyoiigiza ofisini, ila sasa hakuna aliyekuwa akiiigiza.

"Karani hana kosa."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ikapita katikati ya vidole. "Karani hana kosa. Karani hana kosa." Munira alirudi nyuma hatua kwa hatua, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama bila kuuliza nauli.

Jumatatu asubuhi Lukasi alipita masjala. "Umeamkaje, mama Fausta?"

Fausta alikuwa analia. Sauti ile ndiyo iliyomjibu.